Mpaka upi, ukubwa gani: kuchagua kati ya visawe vya Kiingereza vya kikomo, ukubwa na mawanda

Kiswahili kina neno “mpaka”, na neno hilo hubeba mengi bila kulalamika: mpaka wa nchi, mpaka wa shamba, mtu aliyevuka mipaka kwa maneno yake, hata “subiri mpaka kesho”. Kiingereza kimezigawa kazi hizo kwa maneno zaidi ya nusu dazeni, na kila neno lina majirani wake. Watu husema “speed limit”, lakini hakuna asemaye “speed boundary”. Kuna “border town”, hakuna “limit town”. Kamusi ya visawe huyapanga yote kwenye mstari mmoja kana kwamba ni sawasawa, na anayeandika ripoti, andiko la mradi au tasnifu huchota linalomvutia macho. Msomaji ataelewa, ila atagundua pia kwamba neno limeokotwa.

Kabla ya kufungua kamusi ya visawe, mimi huuliza maswali mawili. Kitu ninachokitaja ni mstari, ni nukta kwenye kipimo, au ni eneo? Na je, kimewekwa na mtu, au kimetokana na hali tu? Majibu hayo mawili huondoa nusu ya maneno. Yanayobaki huamuliwa na mazoea: neno gani limezoea kukaa na lipi.

Mstari: “border”, “boundary”, “frontier”

Hii ndiyo jozi inayokosewa zaidi, na serikali ya Uingereza imeitenganisha vizuri katika majina ya taasisi zake. Border Force, iliyoundwa mwaka 2012, ni maofisa wanaokagua abiria na mizigo inayoingia nchini. Boundary Commission ni tume inayochora mistari ya majimbo ya uchaguzi, na ziko nne: ya England, ya Scotland, ya Wales na ya Ireland ya Kaskazini. “Border” hulindwa, huvukwa, hufungwa, huwa na foleni na pasipoti. “Boundary” husema tu kwamba hiki kinaishia hapa na kile kinaanzia pale. Unaweza kuipita kila asubuhi bila kujua. Ndiyo maana kiwanja, hifadhi, kata na jimbo vina “boundary”, na mabamba ya ganda la dunia yanakutana kwenye “plate boundary” hata chini ya bahari kuu ambako hakuna wa kumkagua mwenzake. Katika kriketi ukingo wa uwanja ni “boundary” pia: mpira ukiuvuka baada ya kugusa ardhi ni mikimbio 4, ukiuvuka hewani ni 6.

Mstari mmoja unaweza kuitwa kwa maneno yote mawili, kulingana na unachokizungumzia. Mwaka 1947, India na Pakistan zilipogawanywa, kazi ya kuchora ilipewa tume zilizoitwa Boundary Commissions chini ya mwanasheria wa Kiingereza Cyril Radcliffe, na matokeo yakatangazwa tarehe 17 Agosti, siku mbili baada ya uhuru wa India. Kwenye karatasi ilikuwa “boundary”. Askari waliposimama juu yake, ikawa “border”. Ukiandika juu ya ramani, vipimo na mgogoro wa nani amiliki nini, chukua “boundary”. Ukiandika juu ya watu na mizigo inayopita, chukua “border”. Tena “border” hunenepa: hujumuisha pia ukanda ulio jirani na mstari wenyewe, ndiyo maana kuna “border area” na “border communities”. “Boundary” hubaki nyembamba kama uzi.

Kwenye mafumbo “boundary” ndiyo inayotawala. Mtu anayejua kukataa simu za kazini usiku ana “boundaries”, na mbunifu anayejaribu mambo mapya “pushes the boundaries”. “Border” huingia zaidi kama kitenzi, “to border on”, yaani kukaribia kuwa kitu, na mara nyingi kitu kisichopendeza: kujiamini kunakopakana na kiburi ni “confidence bordering on arrogance”.

“Frontier” ina historia mbili. Kwa Waingereza, hasa wa zamani, ni mpaka wa nchi na nchi, wenye harufu ya kambi za askari. Kwa Wamarekani ni ukingo wa ardhi iliyokaliwa na walowezi, ukingo uliokuwa ukisogea magharibi hadi ofisi ya sensa ilipotangaza, kutokana na hesabu ya mwaka 1890, kwamba mstari huo hauonekani tena. Miaka mitatu baadaye mwanahistoria Frederick Jackson Turner alisimama Chicago akaeleza taifa lake lote kwa neno hilo moja. Kutoka huko tumepata “the frontiers of science”, mahali ambapo maarifa yanaishia na kutojua kunaanza. Kumbuka tu kwamba ni neno la anayefika, si la aliyekuwapo: ng’ambo ya huo ukingo walikuwa wakiishi watu wenye nchi yao, na kwao haukuwa ukingo wa chochote. Kama unaandika juu ya forodha, liache neno hili. Hata shirika la Kifaransa la Médecins Sans Frontières lilipojiita kwa Kiingereza, “frontières” haikugeuka “frontiers”. Jina ni Doctors Without Borders.

Kwa haraka, kuhusu kingo: “edge” ni ukingo wa kitu unachoweza kukigusa, meza au mwamba. “Verge” na “brink” ni kukaribia jambo, ila “brink” ni la mabaya karibu siku zote, kama vita, kufilisika au kutoweka kwa spishi. Mtu anaweza kuwa “on the verge of success”. Ukimweka “on the brink of success” msomaji atasita, maana anasubiri korongo.

Nukta kwenye kipimo: “limit” na ndugu zake

Kasi, umri, uzito, muda, mkopo, kiwango cha pombe kwenye damu ya dereva: vyote hupimwa kwa namba, na namba isiyoruhusiwa kupitwa ni “limit”. Shida yake ni kwamba haisemi iko juu au chini. “Age limit” inaweza kumaanisha usizidi miaka 35 au usipungue 18. Kwenye tangazo la kazi au la ufadhili hilo si jambo dogo, kwa hiyo andika “upper limit” au “lower limit”, au afadhali “minimum age” na “maximum age”, umalize ubishi.

“Ceiling” na “cap” ziko juu tu. Tofauti yake ni kwamba “cap” ina mkono wa mtu ndani yake: mamlaka fulani imeamua kuziba, na neno hugeuka kitenzi bila taabu, “prices were capped”. “Ceiling” ni kimo kilichopo, kitu unachokigonga ukipanda. Marekani ina kikomo cha deni la serikali kilichoanzia kwenye sheria ya mwaka 1917. Jina la kisheria ni “debt limit”, lakini kwenye habari utasikia “debt ceiling”, kwa sababu kila baada ya muda Bunge hulazimika kuipandisha, na dari inayopandishwa inaonekana vizuri kichwani. Kuna mtego mmoja hapa unaostahili tahadhari. “Raise the cap” ni kuongeza kikomo. “Lift the cap” kwa kawaida ni kukiondoa kabisa, ingawa wapo wanaoitumia kwa maana ya kukiongeza. Kwenye mkataba usicheze na “lift”. Andika “increase” au “remove”.

“Threshold” watu huiweka kundi moja na “limit”, na ni kinyume chake. “Limit” ni pale unapotakiwa kuishia. “Threshold” ni pale kitu kinapoanza, kizingiti cha mlango. Ujerumani chama kinahitaji asilimia 5 ya kura za orodha za vyama ili kigawiwe viti vya Bundestag, bunge la nchi hiyo, kwa uwiano, isipokuwa kimeshinda majimbo kadhaa moja kwa moja. Asilimia hiyo ni “threshold”: ukiipita umeingia. Kipato ambacho kodi huanzia ni “threshold” pia, na “pain threshold” ni pale unapoanza kuhisi maumivu, si pale unaposhindwa kuyavumilia. Hilo la pili ni “pain tolerance”, na hata wenyeji wa lugha hulikosea.

“Quota” ni fungu, na hugeuka kulingana na anayeshika kalamu. Nchi zinazouza mafuta chini ya OPEC zikipangiwa “quota”, hiyo ni juu ya kichwa, usizidi. Muuzaji akipewa “sales quota”, hiyo ni chini ya miguu, usipungue. Muktadha usipoonyesha ni ipi, ongeza neno.

Kwa upande wa muda, chagua hivi: “time limit” ni urefu, dakika 45 za mtihani, “deadline” ni nukta kwenye kalenda, Ijumaa saa kumi na moja jioni. Asili ya “deadline” ni ya kutisha kuliko ofisi nyingi zinavyojua. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kwenye kambi ya wafungwa ya Andersonville, Georgia, iliyofunguliwa mwaka 1864, palikuwa na uzio mwepesi ndani ya ukuta mkuu, na mfungwa aliyeugusa au kuuvuka alipigwa risasi. Huo ndio uliokuwa “dead line”. Magazeti yalilichukua neno miongo kadhaa baadaye kwa maana ya saa za mwisho za kupokea habari.

Sasa yale manne yanayowasumbua wanafunzi wa uzamili: “limit”, “limitation”, “restriction”, “constraint”. Hapa nitakaa kidogo, maana kosa lake lina gharama. “Restriction” imewekwa na mwenye mamlaka kwa kanuni, na kuivunja kuna adhabu: usiegeshe hapa, usisafiri bila kibali. “Constraint” haina mwenyewe. Ni hali inayokubana, kama fedha chache, muda mfupi au umeme usiotosha. Ukiandika “due to time constraints we interviewed fewer people”, umesema muda ulikuwa haba. Ukiandika “due to time restrictions”, umesema kuna aliyekuzuia, na msimamizi wako atauliza ni nani. “Limitation” ni upungufu ulio ndani ya kitu chenyewe: kipimo kisichoona chembe ndogo, sampuli isiyowakilisha vijijini, programu isiyofungua mafaili makubwa.

Ndiyo maana sehemu ya tasnifu iitwayo “limitations of the study” si mahali pa kueleza kwamba ulichagua mikoa miwili tu. Huko ni kuchagua kwako, na jina lake ni “delimitations”. Kwa kifupi “delimitation” ni uzio uliojenga mwenyewe kwa makusudi. “Limitation” ni ukuta uliokukuta. Ukiziweka chini ya kichwa kimoja, msomaji atadhani uamuzi wako wa makusudi ni udhaifu uliokushinda, na utakuwa umejipunguzia alama bila kosa.

Kuna neno la tano linalopendwa sana na wanaotaka kusikika wataalamu: “parameters”. Kihesabu ni thamani inayoamua mwenendo wa mfumo, si mpaka. Limehamia kwenye maana ya mpaka kwa kuchanganywa, naamini, na “perimeter”, ambayo ni mzingo. “Within the parameters of the budget” inakubalika siku hizi kwenye kamusi, lakini haisemi chochote ambacho “within the limits of the budget” haisemi. Mimi huifuta kila nikiiona.

Ukubwa: pale “kubwa” inapokuwa tatu

“Big”, “large” na “great” zote hutafsirika “kubwa”, na huwezi kuzibadilishana ovyo. “Big” ni ya mazungumzo, na imeshikamana na matukio na mambo ya watu: “a big mistake”, “a big decision”, “my big sister”. “Large” ni ya hesabu na maandishi rasmi: “a large number”, “a large amount”, “a large proportion”. “Great” imeacha mwili ikahamia kwenye visivyoshikika: “great care”, “great difficulty”, “of great importance”. Ukiandika “a big amount of data” kwenye ripoti hujavunja sarufi, ila umevaa kandambili kwenye kikao cha bodi.

Kwa binadamu tofauti huwa kali zaidi. “A great man” ni mtu mashuhuri kwa matendo. “A big man” ni mwenye mwili, au kwa kejeli, mkubwa wa mahali. “A large man” ni njia ya adabu ya kusema mtu ni mnene. Tafsiri “mtu mkubwa” bila kufikiri na unaweza kumtukana marehemu kwenye wasifu wake.

“Great” imebaki na maana ya ukubwa wa umbo kwenye majina ya zamani: Great Lakes, Great Barrier Reef yenye urefu wa kilomita 2,300 hivi, na Great Britain. Hii ya mwisho wengi huidhania majivuno. Asili yake ni kulinganisha tu: kisiwa hicho kikubwa dhidi ya Britania ndogo, ambayo leo ni Bretagne, huko Ufaransa. Na aliyepitia shule ya Kifaransa awe macho na “large”, kwa sababu kwa Wafaransa neno lenye tahajia hiyohiyo lina maana ya pana.

Ukipanda ngazi juu ya hapo unakutana na “huge”, “enormous”, “vast”, “immense”, “massive”. Usiongeze “very” mbele ya yoyote kati ya hayo. Tayari yamefika kileleni, na Kiingereza hutaka “absolutely huge”, si “very huge”. “Vast” ni ya kilichotandaa: jangwa, bahari, himaya, na pia “the vast majority”. Tembo hawezi kuwa “vast” hata ale vipi. “Massive” ina uzito ndani yake, hivyo hukaa vizuri na jiwe, jengo au deni. “Immense” asili yake ni kisichopimika, na huwa nzuri kwa hisia: “immense relief”. “Enormous” hutosha karibu kila mahali, lakini nomino yake ina mtego. “Enormity” kwa waandishi makini ni uovu uliopindukia, “the enormity of the crime”. Wengi sasa huitumia kwa ukubwa wa kawaida, na kamusi zimelirekodi hilo. Hata hivyo ukimwandikia mfadhili juu ya “the enormity of your donation”, kuna hatari asome kwamba msaada wake ni jinai. Andika “size” au “scale”.

Upande wa udogo nitapita haraka. “Small” ni kipimo. “Little” ina hisia, ya mapenzi au ya dharau, hivyo kwenye ripoti tumia “small”. Na usisahau kwamba herufi moja hugeuza hukumu: “a little progress” kuna maendeleo, “little progress” karibu hakuna.

Kwa nomino, “size” ni la kila siku, na “dimensions” ni vipimo vyenyewe, urefu kwa upana kwa kimo. “Magnitude” ina masharti. Ni ukubwa wa nguvu au wa uzito wa jambo, na kwenye sayansi ni kipimo maalumu. Tetemeko la ardhi la Chile la mwaka 1960 lilikuwa na “magnitude” ya 9.5, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa. Kipimo hiki si ngazi za kawaida: kupanda namba moja ni mawimbi makubwa mara 10 kwenye chati, na nishati kama mara 32. Usiichanganye na “intensity”, ambayo ni mtikisiko uliosikika mahali fulani. Tetemeko moja lina “magnitude” moja, lakini “intensity” hutofautiana mji kwa mji. Wanaastronomia wamezidi kuichanganya, kwao nyota yenye “magnitude” ndogo ndiyo inayong’aa zaidi. Na “order of magnitude” ni mara kumi, si “kiasi kikubwa” tu. Ukisema gharama zimeongezeka “by an order of magnitude” wakati zimeongezeka maradufu, mhasibu atacheka.

“Scale” ni ukubwa kwa kulinganisha, na ina mtego wake kwenye ramani. Kwenye lugha ya kawaida “large-scale” ni jambo lililoenea sana. Kwenye ramani ni kinyume cha unavyotarajia: ramani ya 1:10,000 ndiyo “large-scale”, nayo huonyesha eneo dogo kwa undani, ile ya 1:1,000,000 inayobeba nchi nzima ni “small-scale”. Sababu ni hesabu tu: moja chini ya elfu kumi ni sehemu kubwa kuliko moja chini ya milioni. Ukiandikia watu wa ardhi na watu wa mipango kwa pamoja, epuka neno hilo na utaje uwiano wenyewe.

Eneo: “scope”, “range”, “extent” na jamaa zao

Njia iliyonisaidia kuliko zote kutenganisha “scope” na “extent” ni kuuliza lini. “Scope” huamuliwa kabla ya kazi; “extent” hujulikana baada ya jambo kutokea. Unapanga “the scope of the investigation”, kisha uchunguzi unafichua “the extent of the fraud”. Mafuriko hayana “scope” kwa maana hii, kwa sababu hakuna aliyeyaandikia hadidu za rejea. Yana “extent”, yaani yalifika wapi, na “scale”, yaani yalikuwa makubwa kiasi gani. Vyombo vya habari vya Marekani hupenda “the scope of the damage”, na si kosa, ila ukishika tofauti hii ya kabla na baada maandishi yako yatakuwa safi zaidi.

“Scope” ni uzio wa kazi: kilichomo na kisichomo. Ndiyo maana wasimamizi wa miradi wanalia na “scope creep”, kazi inayovimba polepole kwa maombi madogomadogo hadi mkataba haujitambui. Wanaohesabu hewa ukaa wanatumia Scope 1, 2 na 3 kwa kufuata mwongozo wa GHG Protocol uliotoka mara ya kwanza mwaka 2001: ya kwanza ni moshi wa mitambo na magari ya kampuni yenyewe, ya pili ni wa umeme na joto inalonunua, ya tatu ni kila kingine kwenye mnyororo wake, kuanzia wanaomuuzia malighafi hadi mteja anayetumia bidhaa. Hapo “range” isingefaa hata kidogo. Lakini “scope for improvement” ni maana nyingine, nafasi ya kuboresha, na haina wingi.

“Range” ina ncha mbili. Umri kuanzia 18 hadi 35, joto kuanzia la chini hadi la juu, sauti ya mwimbaji kuanzia nzito hadi nyembamba. Kama huwezi kutaja ncha ya kwanza na ya mwisho, huenda hulihitaji neno hili. Kwenye takwimu limebanwa zaidi: ni thamani kubwa kutoa ndogo, basi. Kwa kombora au gari la umeme ni masafa ya mwisho linaloweza kufika. “A range of options” ni aina mbalimbali, na hapo ncha husahaulika. Inakubalika, ila “several” husema vilevile kwa silabi chache na bila mbwembwe.

“Extent” na “extend” hutofautiana herufi moja, na kikagua tahajia hakitakuamsha kwa kuwa zote ni sahihi. Ya kwanza ni nomino, ya pili ni kitenzi. “To some extend” ni kosa ninaloliona kuliko lolote jingine katika kundi hili lote.

“Span” ni umbali au muda kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukatika: daraja, mabawa, maisha, umakini wa mtoto. Zamani ilikuwa shibiri, kidole gumba hadi kidogo mkono ukiwa umekunjuliwa, na Waingereza waliihesabu inchi 9. “Coverage” ni ya bima, mtandao wa simu na habari. “Reach” ni umbali ambao mkono, sauti au tangazo hufika. “Breadth” ni upana wa maarifa. Barabara ina “width”.

Kuhusu mipaka ya mamlaka, angalia unamwandikia nani. “Remit” kama nomino ni ya Waingereza: “that is outside our remit”. Mmarekani anaweza kuisoma kama kitenzi cha kutuma fedha. Yeye mwandikie “mandate” au “purview”. “Jurisdiction” iachie mahakama, polisi na mamlaka za kodi. Kamati ya harusi haina “jurisdiction”, hata mwenyekiti akijiona hivyo. Na pale unapotaka kusema mtu ameachiwa nafasi ya kuamua mwenyewe, kuna “latitude” na “leeway”. Ya kwanza ni uhuru aliopewa tangu mwanzo. Ya pili ni ya mabaharia, chombo kusukumwa na upepo kwenda upande wa demani, kwa hiyo ina maana ya kuvumiliwa ukikengeuka kidogo: “we have two days’ leeway” ni kwamba tukichelewa siku mbili hatutaumia.

Pale pasipo kikomo

“Unlimited”, “limitless”, “boundless”, “endless” na “infinite” husemekana zote kwamba hakuna mwisho, lakini kila moja ina sauti yake. “Unlimited” ni kwamba mtoaji angeweza kuweka kikomo na hakuweka: vifurushi vya intaneti, idadi ya kuingia kwenye mazoezi. Ni neno la mkataba, na kwa sababu ni la mkataba, soma masharti yake. “Limitless” ni kwamba kikomo hakipo kwa asili, na watangazaji wamelichosha. “Boundless” ni ya nafsi: “boundless energy”, “boundless generosity”. Kifurushi cha intaneti kikiitwa “boundless”, jua mwenye kukiuza anakwepa kuahidi.

“Endless” ni lalamiko mara nyingi zaidi kuliko sifa. “Endless meetings” hakuna anayezifurahia, na ukimwandikia barua ya mapendekezo mwanafunzi wako ukasema ana “endless questions”, umemshtaki. Ulichotaka huenda ni “boundless curiosity”. “Infinite” iachie hesabu na ulimwengu, isipokuwa kwa subira: “infinite patience” ni sifa iliyokubalika, na husemwa hasa juu ya wauguzi, walimu wa chekechea na wahariri.